Shangazi Aliuziwa Sabuni ya Kuua Vijidudu, Sisi Tunauziwa Krimu ya Kuvifuga

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, ana miaka 16, alinitumia picha ya vichupa saba vimepangwa kama timu kabla ya mechi. Vyote vya Kikorea. Chini akaandika: "Dada, niongezee hata nusu ya pesa. Ukuta wa ngozi yangu umevunjika."

Nikampigia. "Ukuta gani tena?"

"Ukuta wa ngozi, dada. Na vijidudu vyangu vizuri vimekufa. Lazima nivirudishe."

Nilitaka kucheka. Lakini Jumamosi nilipofika nyumbani Kibarani, kicheko kiliisha. Mashavu yake yalikuwa yanabambuka kweli, na akinawa uso hata kwa maji matupu yanamwasha. Kumbe kwa mwezi mzima alikuwa anapambana na chunusi kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, halafu juu yake anapaka asidi mbili za kubandua ngozi alizonunua mtandaoni.

Shangazi yetu alikuwa barazani anatia vifungo kwenye sare za shule. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamwaga vifungo vyake mkekani na kunipa kile kiboksi anachovihifadhia. "Hebu soma. Mimi nami niliambiwa ni dawa."

Kiboksi hicho nakijua tangu utotoni, sijawahi kukisoma hata siku moja. Ni cha sabuni ya kuogea ya miaka ya tisini. Maandishi yamefifia lakini yanasomeka: sabuni ya dawa, inaua vijidudu, inasafisha na kung'arisha ngozi. Na pembeni, kwa herufi ndogo kama mchwa: iodidi ya zebaki.

Zebaki, jamani. Ile ile ya kwenye kipimajoto cha zamani.

Sasa nataka tuongee historia kidogo, kwa sababu kiboksi cha shangazi na vichupa vya mdogo wangu ni hadithi moja. Zamani tuliuziwa sabuni ya kuua vijidudu. Leo tunauziwa krimu ya kuvifuga. Ahadi imegeuka juu chini, lakini maswali ya kuuliza ni yale yale matatu: ndani mna nini, nani amepima, na amepima kwenye ngozi ya nani?

Sabuni iliyofika hadi figo

Zebaki inazuia kimeng'enya ambacho ngozi inakitumia kutengeneza rangi. Ndiyo maana mtu anaonekana kweupe. Shida ni kwamba haibaki juu ya ngozi. Inaingia ndani, inasafiri na damu, inajikusanya kwenye figo, na kwa mama mjamzito inaweza kumfikia mtoto.

Hili lilijulikana hapa hapa Kenya kabla shangazi hajanunua sabuni yake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti katika jarida la British Medical Journal. Walikuwa wanapata watu wazima wenye ugonjwa wa figo, wamevimba miguu na uso, protini inatoka kwenye mkojo, na sababu haieleweki. Wakawauliza wanajipaka nini. Kati ya wagonjwa 60, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zaidi ya nusu! Na baadhi yao walipata nafuu baada ya kuziacha.

Ungedhani hadithi iliishia hapo. Wapi. Mwishoni mwa miaka ya tisini walikuja watafiti kutoka Japani, wakiongozwa na Daktari Masazumi Harada. Huyu ni mtu aliyetumia maisha yake kuwafuatilia wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wanaokula samaki wakaumia mishipa ya fahamu. Timu yake ilifika Ziwa Victoria kuangalia kama wavuvi na wachimba dhahabu wana zebaki mwilini. Wakapima nywele. Viwango vya kutisha wakavikuta kwa watu wa upande wa Kisumu ambao hawakuvipata kwa samaki wala dhahabu. Walivipata bafuni. Sabuni zao, zilizotengenezwa Ulaya, zilikuwa na iodidi ya zebaki kati ya asilimia 0.47 na 1.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001.

Hizo asilimia zinaonekana ndogo, sivyo? Kiwango ambacho Mkataba wa Minamata ulikuja kukiweka kwa vipodozi kilikuwa sehemu moja kwa milioni. Sabuni hizo zilikipita zaidi ya mara elfu moja.

Na hapa ndipo damu yangu inachemka. Ulaya ilikuwa imepiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vya watu wake tangu 1976, lakini viwanda viliendelea kutengeneza sabuni za kuuza nje. Mlango huo wa kuuza nje ulifungwa kwa sheria ya mwaka 2003. Yaani kwa zaidi ya miaka 25, kitu kilichokuwa sumu kwa ngozi ya mtu wa kule kilikuwa bidhaa kwa ngozi ya shangazi yangu. Kenya nayo ilitangaza marufuku ya vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Marufuku ni kitu kimoja, duka la mtaani ni kitu kingine.

Shangazi si mjinga, tafadhali tuelewane. Alinunua kitu kilichoandikwa dawa, kimetoka ng'ambo, kina harufu ya hospitali. Alifanya kile ambacho mdogo wangu anakifanya leo: aliamini maneno ya kisayansi yaliyo mbele ya boksi.

Matumbawe na chokaa

Sasa turudi kwa huo ukuta. Je, upo kweli, au ni maneno ya mabiashara?

Upo. Kama umewahi kwenda Gede, pale karibu na Watamu, umeuona mfano wake. Kuta za ule mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kinachoyashika mawe ni chokaa. Toa chokaa, mawe bado yapo, lakini mvua inapita na ukuta unaanza kumomonyoka. Tabaka la juu kabisa la ngozi yako liko vivyo hivyo. Mawe ni seli zilizokufa, bapa, zimepangwa juu kwa juu kama safu 15 hadi 20. Chokaa ni mafuta yaliyo katikati yake: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Karibu nusu ya mafuta hayo ni seramidi. Ukuta wote ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari, na ndio unaozuia maji yako yasitoke na uchafu wa nje usiingie.

Zamani wanasayansi wenyewe waliudharau. Waliona seli zimekufa, wakadhani ni takataka zinazosubiri kudondoka. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1928 Wajerumani wawili, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, walieleza kwamba uso wa ngozi una asidi kidogo, wakaiita joho la asidi. Mwaka 1952 Mmarekani Irvin Blank alichukua vipande vya sugu, ile ngozi ngumu ya unyayo, akaviloweka. Vilivyolowekwa kwenye mafuta vilibaki vikavu na vigumu. Vilivyopata maji vililainika. Kumbe kinacholainisha ngozi ni maji, na kazi ya mafuta ni kuyafungia ndani. Mwaka 1975 Alan Michaels na wenzake wakaufananisha ukuta huo na matofali na saruji, na daktari wa ngozi Peter Elias wa San Francisco akatumia miongo iliyofuata kuonyesha chokaa hiyo imetengenezwa na nini na ikiharibika inajengwaje upya.

Halafu mwaka 2005 likaja jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo ushahidi mzito kuliko tangazo lolote. Huko Dhaka, Bangladesh, madaktari waliwapaka watoto waliozaliwa kabla ya wakati mafuta ya alizeti. Ngozi ya mtoto njiti ni nyembamba mno, bakteria zinapenya hadi kwenye damu. Watoto waliopakwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 41 pungufu wa kupata maambukizi ya hospitalini kuliko wasiopakwa. Mafuta ya alizeti, yale yale ya jikoni. Kwa hiyo mtu akikwambia ukuta wa ngozi ni uongo, mwambie hajui anachosema.

Lakini swali la tatu tusilisahau: ngozi ya nani? Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskochi, waligundua kwamba kasoro kwenye jeni inayotengeneza protini ya filagrini inadhoofisha ukuta na kuleta ukurutu. Ugunduzi mkubwa sana. Kasoro hizo karibu Mzungu mmoja kati ya kumi anazo. Wengine walipozitafuta kwa wagonjwa wa ukurutu wa Ethiopia, hawakuzikuta zile za Ulaya, walipata moja tu mpya. Ukurutu wetu upo, unawasha, unanyima watoto usingizi, ila njia yake si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye vitabu vya kule. Dawa iliyofanya kazi kwao inaweza kufanya kazi kwetu pia, lakini ni haki yetu kuuliza kama kuna aliyejaribu.

Kutoka Kaesong hadi kwenye simu yako

Basi Wakorea waliingiaje? Wengi tunadhani walizaliwa wakiwa na hatua kumi za kupaka uso. Historia yao ni ya kawaida kuliko hivyo, na kwa kweli inafanana na yetu. Mwaka 1932, mji wa Kaesong, mama mmoja aitwaye Yun Dok-jeong alikuwa anakamua mafuta ya kamelia na kuwauzia wanawake wapake nywele. Mwanawe, Suh Sung-whan, alianzisha kampuni mwaka 1945. Leo inaitwa Amorepacific, moja ya kampuni kubwa za vipodozi Asia. Nikisoma hivyo namfikiria kila mama wa Kilifi anayekuna nazi, anakamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yaelee. Mafuta hayakuwa na tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa kiwanda, maabara, na serikali iliyoweka sheria.

Ndiyo, sheria. Mwaka 2000 Korea Kusini ilianza kutumia sheria yake ya vipodozi yenye kundi maalumu: vipodozi vyenye kazi. Ukitaka kudai krimu yako inafanya jambo fulani, ulete ushahidi serikalini. Madai ya kwanza kuruhusiwa yalikuwa matatu: kupunguza mikunjo, kukinga jua, na kufanya ngozi iwe nyeupe. Soma hilo la tatu tena. Ile ngozi ya kioo tunayoitamani ina historia yake na weupe, na si bahati mbaya kwamba vichupa vingi vya kung'arisha vinakaa rafu moja na vya kurekebisha ukuta.

Mwaka 2017 waliongeza makundi mengine, likiwemo la kupunguza ukavu wa ngozi yenye ukurutu. Madaktari wa ngozi wa huko wakapinga vikali: ukurutu ni ugonjwa, mgonjwa akiona jina lake kwenye krimu ataacha matibabu. Mwaka 2020 serikali ikabadilisha maneno. Jina la ugonjwa likatolewa, na mahali pake pakaandikwa kurejesha kazi ya ukuta wa ngozi. Umeona? Neno linalomnyima mdogo wangu usingizi ni la sayansi, ni kweli, lakini kwenye boksi limekaa pale pia kwa sababu ya mvutano wa kisheria kule Seoul. Lilichaguliwa kwa sababu linaahidi kidogo kuliko lile la kwanza.

Vijidudu ndani ya chupa

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Vijidudu vya ngozi vipo, ni vingi, na vingi ni majirani wema. Mwaka 2017 timu ya Richard Gallo wa California ilionyesha kitu kizuri sana. Ngozi yenye afya ina bakteria wanaotengeneza dawa ya kumzuia Staphylococcus aureus, yule mkorofi anayejazana kwenye ukurutu. Walichukua bakteria hao wema kutoka kwa wagonjwa wenyewe, wakawazalisha maabara, wakawarudisha kwenye ngozi za wagonjwa watano, na yule mkorofi akapungua.

Watano, wanangu. Si milioni tano.

Kulikuwa na jaribio lingine la bakteria aitwaye Roseomonas mucosa. Mwaka 2018 kikundi kidogo cha wagonjwa wa ukurutu kilipulizwa bakteria hao kwenye ngozi na wengi wakapata nafuu. Magazeti yakaimba. Kampuni ya Forte Biosciences ikachukua wazo hilo, ikafanya jaribio kubwa zaidi na kundi la kulinganisha lililopewa dawa bandia isiyo na kitu. Mwaka 2021 matokeo yakatoka: bakteria hawakuishinda dawa bandia. Kampuni ikaachana na dawa hiyo.

Hao walikuwa na bakteria hai, maabara na mamilioni ya dola. Sasa fikiria krimu ya dukani. Krimu yoyote yenye maji lazima iwekwe kihifadhi, la sivyo itaota ukungu kabla haijafika bandari ya Mombasa. Kihifadhi kazi yake ni kuua vijidudu. Kwa hiyo bakteria hai ataishije humo? Mara nyingi kilichomo ni mabaki ya bakteria waliokufa, au maji ya uchachushaji yaliyochujwa. Vitu hivyo vinaweza kulainisha ngozi, sikatai, kuna vingine mimi mwenyewe navipenda. Lakini kulainisha ngozi na kurudisha jamii nzima ya vijidudu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na mafuta ya nazi je?

Najua mtakachoniandikia. "Dada, turudi kwa asili, nazi ndiyo kila kitu." Pole pole.

Nazi ina ushahidi, tena mzuri. Ufilipino, nchi ya minazi kama sisi, mwaka 2014 watoto 117 wenye ukurutu waligawanywa, wengine mafuta ya nazi, wengine mafuta ya madini. Baada ya wiki nane, alama za ugonjwa zilishuka asilimia 68 kwa waliopakwa nazi, na 38 kwa wenzao. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na inawabana bakteria wakorofi.

Lakini kuna fangasi wa ngozi, Malassezia, ambaye anakula mafuta ya aina hiyo kama anakula viazi karai. Kwa joto na jasho la Kilifi, mwenye mba au vipele vya fangasi akijipaka nazi usoni anaandaa karamu. Nami nina ushahidi wangu wa aibu: nilipokuwa na miaka 18 nilijipaka nazi usoni kila usiku kwa ushauri wa bibi, nikaamka na paji la uso kama korosho za kukaanga. Bibi mwenyewe hakuwahi kupaka usoni! Alikuwa anapaka mwilini, mara tu akitoka kuoga, ngozi bado mbichi. Alikuwa anafungia maji ndani, kama Blank na sugu zake, ila yeye hakuhitaji jarida.

Nilichomwambia mdogo wangu

Nilimwambia ukuta wake umevunjika kweli, hakukosea. Ila haukuvunjwa na uhaba wa vichupa saba. Ulivunjwa na vitu alivyopaka. Ngozi inataka asidi ya kiasi cha 5 hivi, sabuni ya kipande ina 9 mpaka 10. Ukiongeza asidi za kubandua, unakwangua chokaa kila usiku halafu unashangaa ukuta unavuja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya bure: acha. Hatua ya pili: sabuni laini au maji tu kwa uso. Ya tatu: krimu moja isiyo na manukato, iwe ya Kikorea, iwe ya Nairobi, ikiwa na seramidi sawa, ikiwa na glisirini na jeli ya petroli pia sawa. Ya nne: kinga ya jua na subira ya wiki chache. Hatua zile kumi zilipata umaarufu kwa watu wenye baridi kali na hewa kavu. Huku hewa yenyewe ni supu.

Na nilimwambia hili kwa sauti ya juu kidogo, shangazi akaitikia kwa kichwa: chochote kinachokupa weupe ndani ya wiki mbili, usikiguse. Kama si zebaki ni haidrokwinoni, kama si hiyo ni steroidi, na steroidi ikitumiwa ovyo inazuia ngozi kutengeneza ile chokaa yake. Watu wanaharibu ukuta kwa mkorogo, kisha wananunua krimu ya kurekebisha ukuta, wakati mwingine kwa muuzaji yule yule.

Pesa nilimwongezea, ya krimu moja. Alinuna siku mbili. Jana amenitumia picha: mashavu yametulia, chunusi tatu bado zipo pale pale zinatabasamu. Shangazi amerudisha vifungo kwenye kiboksi chake, amekataa kukitupa.

Nendeni mkaangalie makopo ya zamani nyumbani, yale ya kuwekea uzi, sindano na bizari. Someni maandishi madogo, si makubwa. Mkikuta neno zebaki, nitumieni picha.